Kijineno "a" na Kodi Iliyolipwa Mara Mbili

Wasomaji wangu, najua mmezoea kunisoma nikilalamika juu ya seva na hifadhidata. Leo sina habari ya seva. Nataka kuandika juu ya herufi moja ya Kiingereza, "a", pamoja na ndugu yake "an", kwa sababu vijineno hivi vimenihangaisha kuliko lugha yoyote ya kompyuta niliyowahi kujifunza. Ukitaka kucheka, cheka, lakini kuna watu walioumia katika kisa hiki, kwa hiyo usicheke sana.

Kwa wageni: nina miaka 28, nilisomea sayansi ya kompyuta chuoni, na kazi yangu ni kutengeneza programu. Nimezaliwa Malindi. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, Kiingereza tulikutana nacho darasani. Sasa naishi Kitisuru, hapa Nairobi. Msidhani nimetajirika! Kitisuru ni mtaa wa mabalozi na familia zenye magari manne, kuta ndefu, miti mirefu, tumbili wakikimbizana juu ya paa asubuhi. Mimi nimepanga kile chumba cha nyuma ya nyumba kubwa, zile tunazoziita SQ. Kodi yake naiweza, intaneti inafika, na kelele pekee ni za mbwa wa jirani. Mwenye nyumba ni mama mmoja aliyefundisha Kiingereza shule za upili hadi akastaafu. Mtaa mzima unamwita Mwalimu, nami pia.

Haya, kisa chenyewe.

Mwaka 2023 nilikuwa katika timu ya watu wanne tukitengeneza programu ya kukusanya kodi za nyumba. Mpangaji analipa kwa simu, programu inapokea taarifa ya malipo, inamtumia risiti kwa SMS, na mwenye ploti anaona kwenye kompyuta nani amelipa na nani bado. Mteja wetu alikuwa Mwingereza aliyekuwa ng'ambo, tukiwasiliana kwa barua pepe. Ijumaa moja jioni akauliza kama sehemu ya malipo iko tayari, aifungue wapangaji waanze kuitumia.

Mimi ndiye niliyekuwa nimeijaribu, na nilijua haiko tayari. Mtandao ukisuasua, taarifa ya malipo hutumwa tena ili isipotee, na programu yetu ilikuwa inaihesabu ile ya pili kama malipo mapya. Kulikuwa na hitilafu nyingine mbili tatu. Nikamwandikia:

"There are few problems with the payment module."

Kichwani mwangu sentensi hiyo ilikuwa ya Kiswahili kabisa: kuna matatizo machache katika sehemu ya malipo. Niliona nimemwonya. Nikafunga kompyuta, nikaenda zangu Westlands kutafuta chakula.

Yeye alisoma kitu kingine. Kwa Kiingereza, "few problems" ni matatizo haba, yaani karibu hakuna. Ni sifa! "A few problems" ndiyo matatizo kadhaa, yaani ngoja kwanza. "Machache" yetu ya Kiswahili hubeba maana zote mbili na kumwachia msikilizaji aamue kwa sauti na kwa uso. Barua pepe haina uso. Mteja alifurahi, akanishukuru, akaifungua usiku uleule.

Kufikia Jumatatu wapangaji zaidi ya 40 walikuwa na risiti zinazoonyesha wamelipa miezi miwili badala ya mmoja. Tulipogundua, wiki tatu zilikuwa zimepita, maana nani analalamika akiambiwa amelipa zaidi? Nikapewa orodha na simu, nikaanza kuwapigia mmoja mmoja. Wengi walinitukana kidogo, wakaelewa. Mama mmoja wa Kangemi hakunitukana. Alikuwa na mtoto wake anayefanya kazi Mombasa aliyemwahidi kumsaidia kodi, na risiti ilipokuja na miezi miwili aliamini kijana ametimiza ahadi. Alimpigia kumshukuru, hakumpata, akaendelea na maisha. Pesa ya kodi ya mwezi uliofuata akaipeleka shuleni.

"Sasa mwanangu," akaniuliza, "hiyo pesa nimeshalipia karo. Nifanyeje?"

Sikuwa na jibu. Nilimpigia mwenye ploti mara sita ndipo akakubali mama huyo alipe kwa awamu tatu.

Kikao chetu na mteja kilikuwa kichekesho cha aina yake. Alisoma ile sentensi yangu kwa sauti kuthibitisha kwamba nilimwambia kila kitu ni sawa. Nami nikaisoma ileile kuthibitisha kwamba nilimwambia si sawa. Tulikuwa tumeshika karatasi moja, kila mtu anaona ushahidi wake! Mwenzangu mmoja wa timu, aliyesoma shule nzuri zaidi, ndiye aliyeninong'oneza: umeacha "a".

Jioni hiyo nilimsimulia Mwalimu nikiwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni lake. Alicheka, halafu nilipofika kwa yule mama wa Kangemi akaacha kucheka.

"Kijana wangu," akasema, "mwaka mzima umeniandikia vikaratasi juu ya bomba na taa, na sijaona 'a' hata moja. Nilidhani una haraka."

"Sikuwa na haraka, Mwalimu. Sizioni."

Na huo ndio ulikuwa ukweli. Niliposoma Kiingereza, macho yangu yaliruka "a" kama yanavyoruka vumbi kwenye kioo cha simu. Shuleni tulifundishwa kanuni mbili tatu, tukajaza mapengo kwenye mtihani, tukasonga mbele. Halafu nikaingia kwenye kompyuta, na Kiingereza nilichokula kila siku kilikuwa cha jumbe za makosa: "File not found", "Permission denied", "Out of memory". Hakuna "a" hata ya dawa. Maelezo tunayoandika tukibadilisha msimbo nayo ni hivyohivyo, "Fix bug in login page". Na SMS ina herufi 160, kwa hiyo nilipoandika risiti za wapangaji, vitu vya kwanza kukatwa vilikuwa vijineno hivyo, nikijisifu nimebana matumizi.

Tukapatana na Mwalimu kwamba kila Jumamosi asubuhi nimpelekee barua pepe zangu kumi zilizochapishwa. Yeye angekuwa na kalamu nyekundu, mimi ningeleta maziwa ya chai.

Nilitarajia orodha ya kanuni. Hakunipa. Kila alipofika kwenye nomino aliniuliza swali lilelile: "Huyu unayemwandikia, anakijua hiki kitu, au ndiyo kwanza anakisikia?" Kama ndiyo kwanza anakisikia na ni kimoja, "a". Kama anakijua, "the". Nilipokuwa nasitasita alinirudisha kwenye hadithi za utotoni. Zile za paukwa pakawa, akasema, zinaanzaje? Hapo zamani za kale palikuwa na sungura mmoja. Hatusemi "mmoja" kwa sababu tunahofia msikilizaji atadhani ni wawili. Tunamtambulisha sungura. Akishatambulishwa, sentensi ya pili inasema "huyo sungura" au "sungura yule", na ukirudia "sungura mmoja" watoto watauliza mwingine ametoka wapi.

Jamani, nilikaa kimya. Maana hicho ndicho ninachofanya kazini kutwa. Katika programu, kabla ya kutumia kigeu, yaani kile kisanduku chenye jina tunachowekea thamani, ni lazima kwanza ukitangaze. Mara ya kwanza unatangaza, baada ya hapo unataja jina tu. Ukikitangaza mara mbili, lugha nyingine zitakukatalia, nyingine zitakuundia kipya na kukiacha cha zamani kikikodoa macho. "A" ni kutangaza. "The" ni kutaja kilichokwisha kutangazwa.

Na sasa tazameni ile hitilafu yenyewe. Malipo yaleyale yamekuja mara ya pili, programu yetu ikayapokea kana kwamba ndiyo kwanza inayaona. Kwa maneno mengine, iliona "the payment" ikasoma "a payment". Marekebisho niliyofanya usiku wa kwanza yalikuwa mistari michache: kabla ya kuandika chochote, angalia kwenye hifadhidata kama namba hii ya risiti tumeshakutana nayo. Mwandishi na programu yake walikuwa na ugonjwa mmoja.

Kitu kingine nilikigundua mwenyewe, Mwalimu hakunifundisha. Tunasema Kiswahili hakina vijineno hivi, na ni kweli hakina. Lakini ile habari ya "kinajulikana au hakijulikani" ipo, imejificha ndani ya kitenzi. Sema "nimesoma barua". Barua gani? Yoyote, umesoma tu. Sasa sema "nimeisoma barua". Hapo lazima kuna barua ambayo mimi na wewe tunaijua. Hiyo "i" ndogo inafanya kazi ya "the", na kukosekana kwake kunafanya karibu kazi ya "a". "Nimenunua kitanda", "nimekinunua kitanda". Nilianza kuutumia kama mtihani: nikitaka kuandika nomino kwa Kiingereza, naitunga kwanza kwa Kiswahili na kusikiliza kama ulimi unataka kuweka kiambishi. Mtihani huu haufai kwa watu na wanyama, kwa sababu kwao tunaweka kiambishi karibu kila mara, "nimemwona mtu" hata kama humjui. Lakini kwa seva, faili na risiti unafanya kazi vizuri mno. Miaka 20 na zaidi nimekuwa nikitofautisha haya mambo bila kosa, kwa lugha yangu, halafu nikaamini ni siri ya Waingereza.

Msije mkadhani baada ya hapo mambo yalikuwa laini. Ile "mmoja" ya sungura ilinidanganya haraka sana. Kwa Kiswahili mama yangu ni muuguzi, siyo muuguzi mmoja, kwa hiyo nikaandika "my mother is nurse". Kalamu nyekundu. Kwa nini? Wafaransa na Wajerumani nao wanasema hivyohivyo bila kijineno, wao hawapigwi kalamu! Mwalimu akasema Kiingereza kinapomweka mtu au kitu katika kundi lake kinataka "a". Nikabishana naye dakika kumi, kisha nikaenda kwenye kompyuta, nikakosea amri moja, na Linux ikaniambia "Is a directory".

Nikaitazama. Ipo! Na nyingine, "Not a directory", nayo ipo. (Ndiyo, nilisema juu kwamba jumbe za makosa hazina "a". Nilikuwa sizioni, si niliwaambia?) Halafu nikakumbuka chuoni. Kila aliyesoma sayansi ya kompyuta amefundishwa uhusiano wa "is-a" na "has-a": mbwa "is-a" mnyama, gari "has-a" injini. Tuliyachora maneno hayo kwenye mitihani, tukayapigia mistari. Miaka minne nimeandika "is-a" yenye kistari katikati, na sijawahi kujiuliza ile "a" inatafuta nini pale. Ilikuwa inasema: huyu ni mmoja wa kundi hili.

Kisha kuna vitu ambavyo Kiingereza kinakataa kuvihesabu. Hapa Kenya wengi wetu huanguka shimo hili kwa pamoja, kwa hiyo hatusikii kishindo. "An advice", "an information", "a feedback", "an equipment". Kwetu taarifa ni mbili, vifaa ni vitatu, kwa nini tusihesabu? Kwao hivyo ni kama unga au maji, ukitaka kuhesabu unatafuta kipimo: "a piece of advice". Kwa watu wa kazi yangu ubaya zaidi ni "a software" na "a code". Programu kwetu inahesabika bila shida, "software" haihesabiki. Na "code" ina vichekesho vyake: ile namba unayobonyeza kwenye simu kuangalia salio inahesabika, "a USSD code", lakini msimbo ninaouandika mimi hauhesabiki. Nimeandika "I wrote a code" kwenye barua za kuomba kazi zisizopungua saba. Sitaki kujua walionisoma walifikiri nini.

Sasa tuje kwa "an", maana humu ndimo tabia zetu za kihandisi huonekana. Baada ya Jumamosi kama tano niliamua kumpumzisha Mwalimu kwa kuandika fanksheni. Shuleni tuliambiwa: neno likianza na irabu weka "an", la sivyo "a". Rahisi! Fanksheni inaangalia herufi ya kwanza, mistari minne, imekwisha. Nikailisha maneno ya kazini, ikanitolea "an user", "a hour", "a SMS", "an one-time password".

Mwalimu alitazama karatasi akasema, "Acha kuangalia. Sikiliza."

Kanuni haihusu herufi, inahusu sauti. "User" inaanza na sauti ya "yu", kwa hiyo "a user", kama "a university" na "a Ugandan". "Hour" ina h bubu, "an hour". Vifupisho ndivyo vitamu zaidi. "SMS" inaanza na "es", basi ni "an SMS". Ile nywila ya kutumia mara moja ni "a one-time password" kwa sababu "one" inaanza na "wa", lakini ukiifupisha inakuwa "an OTP". Kitu kilekile! "An M-Pesa agent", kwa kuwa tunasema "em". "SQL" inategemea wewe ni wa kabila gani: anayetamka herufi moja moja ataandika "an SQL", anayesema "sikweli" ataandika "a SQL", na wote wako sawa. Na mimi naishi katika "an SQ", ingawa barua niliyomwandikia Mwalimu mwaka 2022 kuomba chumba ilisema "a SQ". Bado anayo. Ameniambia hataitupa.

Kwa wale mtakaotaka kufanya hivi kwa kompyuta, msiandike mistari minne kama mimi. Kuna maktaba ya Python iitwayo inflect inayoweka "a" au "an" vizuri, na kuna kamusi ya matamshi ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon yenye maneno zaidi ya 134,000, ambayo ni ya bure. Tahadhari tu kwamba matamshi yake ni ya Marekani, na Wamarekani "herb" huitamka bila h, wakasema "an herb", jambo ambalo Mwalimu hataki kulisikia jikoni mwake.

Kumbe "an" ndiyo ya zamani zaidi. Katika Kiingereza cha kale neno "ān" lilikuwa na maana ya "moja", likazaa "one" na "an", na baadaye n ikadondoka mbele ya konsonanti. Yaani Waingereza nao walianza na "sungura mmoja". Na walichanganyikiwa wenyewe: aproni ilikuwa "a napron", watu wakasikia "an apron", n ikahama nyumba hadi leo. Sisi tusiwacheke. Tulichukua kitabu kutoka Kiarabu, tukadhani "ki" ni ya ngeli, tukasema vitabu. Madereva wetu wakachukua "keep left" wakatoa kiplefti na viplefti.

Nimeboreka? Ndiyo, lakini si kabisa. Nikichoka, "a" ndiyo ya kwanza kunitoroka. Mama wa Kangemi alimaliza awamu ya tatu mwezi wa Desemba 2023, akanitumia ujumbe mfupi kunijulisha, jambo ambalo hakuwa na wajibu wa kulifanya.

Mwaka uliofuata mteja yuleyule alitaka risiti ziende kwa Kiswahili. Alinitumia sentensi moja yenye pengo, programu ijaze jina la kitu chochote: pengo, halafu "imepokelewa". Alikuwa ameitafuta mwenyewe, maskini, na kwa kodi ilikubali. Lakini tulikuwa na cheti, vyeti, malipo, funguo, ombi, kila kimoja na ngeli yake: kimepokelewa, vimepokelewa, yamepokelewa, zimepokelewa, limepokelewa. Nikamtumia jedwali zima. Akauliza kama kuna matatizo mengine ya namna hii kwenye jumbe zilizobaki, kwa sababu alitaka kufungua Ijumaa.

Nikaandika jibu, nikalisoma kwa sauti, nikasikiliza, nikalituma: "Yes, a few."

Baada ya dakika tano alijibu kwamba tusogeze mbele wiki mbili.